Mnyonyeshaji Niliyemwandika kwa Wino

Kilichoniponza ni mwandiko. Nasema hivi bila kujisifu, ingawa sifa zipo. Kidato cha nne nimekimaliza Tanga nikiwa na miaka thelathini na nane, shule ya jioni, baada ya kushinda nafua nguo za watu, na mwalimu wetu wa historia alikuwa na ugonjwa mmoja tu duniani, nao ni mwandiko. Herufi ikipinda, daftari linapitia dirishani. Langu lilipitia dirishani mara mia tisa. Mara ya mia tisa na moja akalishika, akalitazama, akanyamaza mpaka darasa zima likadhani amekata roho. Tangu siku hiyo naandika kama mashine ya kupiga chapa, na mashine ikiniona, yenyewe inaona haya.

Nikaja Toronto kulea wazee. Wakala akanipeleka mtaa wa Don Mills, kwenye nyumba ya matofali iliyojificha nyuma ya miti, mgongo wake umegeukia bonde. Humo alikuwa akiishi mwanamke wa Kiingereza wa miaka themanini na tisa, mwembamba kama fimbo ya mwavuli, mwenye shingo ya watu waliozoea kutazamwa. Nilimwita Bibi tangu wiki ya kwanza. Nikamweleza kwamba kwetu neno hilo lina heshima ya nyanya na heshima ya mwenye nyumba kwa pamoja, akalipenda kuliko jina lake. Yeye aliniita mpenzi, kama Waingereza wanavyomwita hata fundi bomba. Tulizungumza Kiingereza, changu cha Tanga na chake cha kasri, na hapa naandika kama tulivyoelewana.

Nilipewa chumba cha besmenti, chini ya nyumba, chenye dirisha dogo la juu, ambalo wakati wa baridi hufunikwa na theluji, ukaamka hujui kama kumekucha au umezikwa. Lakini sikulalamika. Nilikuwa natafuta barua. Sheria yenyewe ilikuwa hivi: mlezi akishafanya kazi muda uliotakiwa, mwajiri anamwandikia barua ya kuthibitisha, barua inakwenda uhamiaji, na uhamiaji wakiridhika wanakupa ukaazi wa kudumu pamoja na mwanao. Kibali changu kilikuwa kinakwisha mwisho wa kiangazi. Binti yangu alikuwa Tanga kwa dada yangu, na kwenye zile fomu mtoto anahesabiwa mtoto mpaka umri fulani tu, ukipita hapo anakuwa mtu baki. Barua ya kutuunganisha ilikuwa mikononi mwa mtoto wa kiume wa Bibi, wa pekee, mwanasheria, ambaye ndiye aliyekuwa akisaini kila kitu cha mama yake.

Siku moja Bibi akaiona ratiba ya dawa niliyoibandika kwenye friji. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Mpenzi, hii umeiandika kwa mkono?"

"Kwa mkono mmoja, Bibi. Mwingine nilikuwa nakoroga uji."

Akacheka, akaniongoza mpaka kwenye chumba kidogo nyuma ya sebule. Kulikuwa na sanduku la bati refu kama jeneza la mtoto. Ndani yake mlijaa vitabu vya ngozi, barua zilizofungwa kwa utepe, na harufu ya kitu kitamu kilichoharibika. Bibi akanieleza alichokuwa akikitaka. Siku yake ya kutimiza miaka tisini ndugu zake wangekuja kutoka Uingereza, na yeye alitaka wakute mti wa ukoo umeandikwa kwa mkono, kwa wino, kwenye karatasi moja. Macho yake hayakumruhusu tena. Karatasi ilikuwa imeshanunuliwa, nene na ndefu kama kitanda cha sita kwa sita.

Ukoo wenyewe ulikuwa ukoo kweli. Mababu wenye vyeo, ngome yenye mnara, nembo yenye simba wawili waliosimama kwa miguu ya nyuma kama wanaomba sukari. Na sukari ndiyo iliyowalisha. "Tulikuwa na shamba la miwa Karibiani," Bibi alisema, kwa sauti ya mtu anayesema tulikuwa na paka.

Tukaanza. Kila asubuhi, baada ya uji na vidonge, tulikaa mezani. Mimi nilisoma barua kwa sauti, Bibi akaniambia nani ni nani, nikaandika kwa penseli kwenye daftari. Mchana yeye akilala, mimi nilihamishia kwenye karatasi kubwa kwa wino. Kila mtu na kisanduku chake: jina, kuzaliwa, ndoa, kifo. Wiki sita nilijiona mfalme. Nilikuwa naoza mabinti wa watu, nazika makapteni, nazalisha mapacha, yote kwa kalamu moja.

Halafu tukafika kwenye vitabu vya shamba.

Lazima niseme ukweli kuhusu kitabu cha kwanza. Nilikipenda. Karani aliyekiandika alikuwa na mkono ambao sijawahi kuuona, si kwa mwalimu wangu, si kwa mtu yeyote. Herufi zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, mstari haukosei hata unywele. Niliuonea wivu mwandiko ule kabla sijausoma. Nilipitisha kidole juu yake, nikasema mashallah. Ndipo nikasoma. Ilikuwa orodha ya watu wa shamba, wanaume, wanawake, watoto, kila mmoja na jina moja la kupewa, umri, kazi, hali ya mwili, na bei. Ukurasa ukigeuka zinaanza ng'ombe. Mkono ni ule ule. Karani hakupumzika hata kidogo katikati, hata kubadilisha wino hakubadilisha.

"Endelea, mpenzi," Bibi akasema. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Nikaendelea. Lakini kuanzia hapo nilikuwa nikifungua sanduku lile polepole, kama mtu anayefungua chumba alichosikia ndani yake kuna kitu kinatembea.

Barua iliyoniingiza matatani ilikuwa ya mama wa mrithi, yule mrithi ambaye Bibi ametoka katika uzao wake. Mama huyo alijifungua kule shambani, akashikwa na homa, maziwa yakakauka. Akamwandikia dada yake Uingereza kwamba mtoto ameokolewa na mwanamke wa shamba, mtumwa, aliyekuwa na binti yake wa miezi minne. Alimtaja jina. Alisema mtoto amenyonya kwa huyo mwanamke mpaka ametimiza miaka miwili, amenenepa, na akiondolewa kwake analia mpaka anabadilika rangi.

Bibi alikuwa amesinzia. Mimi nikachukua kalamu. Sikufikiri hata nukta moja. Kwetu mtoto akinyonya kwa mwanamke, huyo ni mama yake, mama wa ziwa, na watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake. Hawaoani mpaka kiama. Mtoto wa jirani akitaka kunyonyeshwa, akina mama hukaa kwanza wakafikiria nani atakuja kuoa nani baada ya miaka ishirini. Kwa hiyo nikachora kisanduku pembeni ya mama mzazi, nikaandika jina la mnyonyeshaji, nikateremsha mstari mpaka kwa mrithi. Kisha nikamchora na yule binti wa miezi minne, ubavuni mwa mrithi, dada na kaka. Kwa wino. Nilikipuliza kile kisanduku kikauke, nikajiona mtu makini ajabu, mfanyakazi bora wa mwaka wa Kanada nzima.

Bibi hakuona. Macho yake yalisoma kichwa cha ukoo tu, kule kwenye herufi kubwa na simba. Tukaendelea na orodha za miaka iliyofuata, na mimi sasa nilikuwa na mtu wa kumtafuta humo ndani.

Nikampata. Ana miaka mitatu, hali nzuri. Ana miaka minane, yuko kwenye kundi la watoto wanaokata majani ya mifugo. Ana miaka kumi na minne, ametolewa shambani, ameletwa nyumba kubwa kufua. Hapo nilimpenda kabisa, mfuaji mwenzangu. Kila orodha nilikuwa naruka kwanza kwenye mstari wake, kama mtu anayepiga simu nyumbani kujua kama wote wazima. Mama yake naye alikuwepo, mistari michache juu, anazeeka, bei inashuka.

Kisha nikafungua barua moja nyepesi. Mrithi amemaliza shule Uingereza. Ana miaka ishirini. Anapanda meli kurudi shambani.

Nilifunga sanduku. Nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

"Mpenzi, mbona umeacha?" Bibi aliita.

"Macho yanauma, Bibi."

"Ya kwako? Ya kwangu yaseme nini?"

Siku tatu nilisingizia macho, mgongo, hata jino ambalo nililing'oa mwaka uliopita. Nilijua kilichokuwa kwenye ukurasa unaofuata. Hakuna aliyeniambia, lakini unaposoma vitabu vile muda mrefu unaanza kusikia hatua za mtu kabla hajafika mlangoni. Huyo binti alikuwa kule chini kwenye mashuka yake, na meli inakuja, na mimi nimekaa Don Mills na kalamu, siwezi hata kumpigia kelele akimbie.

Siku ya nne nikasoma. Orodha ya mwaka uliofuata: binti, miaka ishirini na mmoja, na mtoto mchanga. Barua ya mjomba wa mrithi iliyokuwa kwenye utepe ule ule ilisema kijana amefanya kama vijana wanavyofanya, na mama yake asipewe habari. Orodha iliyofuata baada ya hiyo, binti hayupo. Hakuna alama ya kifo, hakuna neno la kuuzwa. Aliyekuwa juu yake yupo, aliyekuwa chini yake yupo, mwandiko mzuri umepita katikati yao kama vile hapajawahi kuwa na mtu. Mtoto amebakia, amewekwa chini ya bibi yake, yule mnyonyeshaji, ambaye sasa ameandikwa mzee, dhaifu, thamani hakuna.

Nikamwuliza Bibi kwa sauti ya kawaida, kama ninayeuliza chumvi iko wapi.

"Huyu mtoto mchanga nimwandike wapi?"

"Mtoto gani?"

"Wa mrithi na huyu msichana wa kufua."

"Hao hawaandikwi, mpenzi. Wapo kila ukoo. Tukianza kuwaandika hao, karatasi itatoka mlangoni ifike kituo cha basi."

"Lakini mama yake mtoto nimeshamwandika."

"Umemwandika wapi?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaikunjua karatasi, nikampa kioo cha kukuzia. Alianzia juu kwa simba wake, akateremka taratibu akitabasamu, akafika kwa mrithi. Kioo kikasimama. Kikaenda kushoto, kikaenda kulia, kikarudi.

"Huyu mwanamke amefuata nini juu ya mrithi?"

"Ni mama yake wa ziwa, Bibi. Alimnyonyesha miaka miwili."

"Nani amekwambia kunyonyesha ni kuzaa?"

"Sikusema kuzaa. Nimesema ni mama."

"Kwenu hiyo ni sheria?"

"Ni sheria na ni dini. Na huyu binti ni dada yake. Kwetu watu hawa wawili, hata wakibaki peke yao duniani, hawagusani."

 Nje theluji ilikuwa ikiporomoka kutoka kwenye paa, vipande vizito, kimoja kimoja. Bibi akakiweka kioo juu ya kile kisanduku cha binti, akakiacha hapo.

"Mimi habari hii naijua tangu utoto," alisema. "Ilikuwa ikisimuliwa baada ya chakula, wanaume wanacheka kidogo. Hakuna aliyesema alikuwa dada yake." Kisha akauliza, "Na mimi? Kwa hesabu zenu, mimi ni nani kwa huyu mnyonyeshaji?"

"Ni mjukuu wake, Bibi. Wa mbali, lakini ni mjukuu."

Nilitegemea anifukuze. Akasema, "Iache ilivyo."

Tangu siku hiyo Bibi alibadilika, na mabadiliko yenyewe hayakunifurahisha. Kila asubuhi alitaka nimsomee mistari ya yule mnyonyeshaji, yote, kuanzia orodha ya kwanza mpaka ile ya thamani hakuna. Kikombe chake cha maziwa ya moto, alichokinywa kila siku ya maisha yake, alikirudisha kimejaa. Nilimkuta mara mbili amesimama kwenye dirisha la nyuma anatazama bondeni. Nilipomuuliza anatazama nini akasema, "Nahesabu waliobaki kule." Mimi ninayecheka hata msibani, nilianza kupanda ngazi za nyumba ile kwa kunyata.

Jumapili mwanawe akaja. Alikuwa mtu wa adabu kubwa, wa kufuta viatu mara nne. Alileta maua, akambusu mama yake, akaomba kuona mti. Aliusoma amesimama, mikono nyuma, bila kugusa karatasi, mstari kwa mstari kama mkataba wa nyumba. Alipomaliza aliniomba tuzungumze jikoni.

"Kazi nzuri sana," alisema. "Mwandiko wako ni wa ajabu."

"Ahsante, bwana."

"Kuna kosa moja. Umeweka watu wawili wasio wa ukoo."

"Bibi amesema wabaki."

"Mama yangu ana miaka karibu tisini. Siku hizi hanywi maziwa, anaongea na dirisha. Unafikiri hayo yametoka wapi?" Aliuliza kwa upole kabisa. "Wageni wakiona mti huu wataniuliza. Nitawaambia nini? Kwamba babu yetu alizaa na dada yake, kwa mujibu wa desturi za mtunzaji wa mama?"

 Alitoa bilauri kabatini, akajaza maji, akayanywa yote.

"Barua yako iko tayari mezani kwangu. Inangoja saini tu. Nilikuwa nataka tuyamalize mambo yote kwa pamoja, mti na barua. Kesho nitakuletea karatasi mpya."

Akaiosha ile bilauri yeye mwenyewe, akaifuta, akairudisha kabatini. Hajawahi kufanya hivyo kabla wala baada.

Kesho yake Bibi alipolala mchana nikampigia dada. Tanga ilikuwa usiku umeanza, nikasikia taarifa ya habari inasomwa redioni kwake. Nikamsimulia yote, yeye akinisikiliza kwa miguno.

"Hebu niambie, mdogo wangu. Wamekuajiri umlee mzee au uwagawie watu mama?"

"Dada, yule mwanamke amenyonyesha."

"Sijasema hakunyonyesha. Nauliza imekuhusu nini? Kiherehere chako kimekutoa Tanga, kimevuka bahari, kimeingia kwenye sanduku la Wazungu!"

"Ni mama yao. Kwetu..."

"Kwetu nini? Bibi yetu mzaa baba alinyonyeshwa na nani?"

 Alinyonyeshwa na mjakazi wa baba yake, kule Pangani, kwenye shamba la miwa vilevile. Wote tunajua.

"Haya, nasaba ya kwetu inasomwa kila harusi," dada akaendelea. "Mwana wa fulani, mwana wa fulani, wanaume kumi na wawili mpaka shehe anaomba maji. Umewahi kumsikia humo? Hata mama mzazi hatajwi, seuze wa ziwa."

"Lakini tunamjua. Watu wa upande wake hatuoani nao."

"Tunamjua siku ya posa. Kijana wao akileta barua tunasema haramu, huyo ndugu. Siku ya kugawa minazi tulimjua? Wajukuu zake walikuja harusini kwangu, walikaa wapi?"

Walikaa uani, na masufuria. Nilikuwepo. Nilikuwa nimevaa leso mpya na nikawaletea sahani zao mimi mwenyewe, nikajiona nimewakirimu.

"Andika wanachokitaka," dada akasema, sauti imeshuka. "Mwanao kila Ijumaa ananiuliza kama karatasi zimetoka. Mimi uongo umenikwisha."

Karatasi mpya ilifika jioni ile. Niliuandika mti upya kwa siku tisa, besmenti, juu ya meza ya kupigia pasi, saa ambazo Bibi alikuwa amelala. Mkono wangu haukutetemeka hata mara moja, na hilo ndilo linalonitia hofu mpaka leo. Nilipofika kwa mrithi nikapita. Mama mmoja, mstari mmoja, kisanduku kimoja. Ubavuni kwake nikaacha peupe. Nilipomaliza nikasimama mbali kuutazama, nao ulikuwa umetulia, umenyooka, mzuri kuliko wa kwanza. Nikautambua ule mwandiko. Ulikuwa wangu, lakini ulikuwa umelala upande mmoja kama nyasi, kama wa yule karani.

Asubuhi ya sherehe mwanawe akachukua mti wa kwanza, akaufunga kwa raba, akautia nyuma ya gari lake. Akanipa bahasha. Nikaifungua chooni. Saini ilikuwepo.

Ndugu wa Uingereza walikuwa kumi na mmoja, wote na shingo ile ile. Mti ulitundikwa sebuleni na kila mmoja akajitafuta, akajipata, akashangilia kama amepatikana hai baharini. Walinisifu mpaka nikachoka kuinama. Kisha Bibi akainuka kwenye kiti chake na kioo cha kukuzia. Watu wakampisha. Alianzia kwa simba, akateremka, akafika kwa mrithi. Kioo kikaenda kushoto. Kikaenda kulia. Akakaribia mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Yuko wapi mama yake?" aliuliza.

"Huyu hapa, shangazi," mmoja akamwonyesha mama mzazi.

"Si huyu. Yule mwingine." Akageuka, akanitafuta kwenye umati, akanipata nimesimama na sinia la keki. "Mpenzi, yule mwingine yuko wapi?"

Mwanawe hakunitazama. Alikuwa anatazama kikombe chake cha chai.

"Mwingine yupi, Bibi?" nikasema.

Sijui kama umewahi kuona mtu anapoteza akili. Mimi nimewaona wengi, ni kazi yangu. Lakini nilikuwa sijawahi kumwona mtu mwenye akili zake timamu anayefanywa asiziamini tena, mbele ya watu, na mtu anayemwamini. Uso wake ulitafuta kitu, ukakikosa, ukaomba radhi. "Basi nitakuwa nimeota," aliwaambia wageni. Akacheka kidogo. Mwanawe akamshika kiwiko, akamrudisha kwenye kiti.

Siku zilizofuata hakuuliza chochote. Maziwa alirudi kuyanywa. Mwanawe alimpeleka kwa daktari wa kumbukumbu, wakamuuliza leo siku gani, huu msimu gani, nchi gani, akajibu yote sawasawa. Lakini njiani kurudi alinishika mkono akasema, "Wameniuliza maswali rahisi tu, mpenzi. Hawakuniuliza kuhusu yule mwanamke. Laiti wangeniuliza, wangejua." Mimi nilikuwa nimeshaituma barua uhamiaji. Walinieleza kwamba kabla ya kutoa jibu hupiga simu kwa mwajiri kuhakikisha, wakati wowote, na mwajiri anaweza kusema lolote.

Asubuhi moja ya Alhamisi nilikuwa namvisha soksi. Mwanawe alikuwa korido, amekuja kuchukua makaratasi ya kodi ya nyumba, anaongea na simu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Vifaa vya Bibi vya kumsaidia kusikia vilikuwa bado kwenye kisahani chake, vinachajiwa.

"Mpenzi," alisema, "nilikuwa na wazo la mwanamke anayenyonyesha. Wazo lile nimelitoa wapi?"

Nikainama zaidi kwenye soksi. "Alikuwepo, Bibi," nikasema chini chini.

"Eti?"

"Alikuwepo."

"Sikusikii. Unasema hakuwepo?"

Aliniangalia na uso ule ule wa siku ya sherehe, ulioanza tena kuomba radhi. Nikasimama wima.

"Alikuwepo!" Nilisema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya uwanja. "Nilimwandika, ukamwona kwa macho yako, ukasema abaki! Mimi ndiye niliyemtoa! Akili yako nzima, Bibi, mimi ndiye niliyekudanganya!"

Korido, maongezi ya simu yakakatika.

 Bibi akavuta pumzi ndefu kwa pua, kama mtu aliyefunguliwa vifungo vya shingoni. "Na jina lake?"

Nikamtajia, kwa sauti ile ile, na la binti yake. Akayarudia yote mawili. Mwanawe alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni, simu mkononi.

"Kaa kitandani hapa," Bibi akamwambia. "Nataka nikwambie tumetoka kwa nani."

Hakukaa. Wala hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi, muda mrefu, kwa adabu zake zote, kisha akatoka na kuurudisha mlango taratibu mpaka ukabana.

Leo ni siku ya kumi na moja. Hajaniambia neno. Uhamiaji nao bado hawajapiga, au wamepiga na mimi sijui. Kila simu ikilia korido mkono wangu unasimama. Bibi ameagiza karatasi nyingine, ndefu kuliko zote mbili, na kila asubuhi baada ya uji tunakaa mezani, mimi na kalamu, yeye na kioo. Sasa hivi tunamtafuta yule mtoto mchanga.